Moto Uliovuka Bonde

Hakuna kitu kilichomkera Rugaibula wa Kamachumu kama kibanja cha migomba cha shemeji yake. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, macho yake yalivuka ua na kutua kwenye mikungu ya ndizi ya shemeji huyo, Kokubanza, minene, imeinamisha migomba.

Ardhi ile ilikuwa ya baba yao. Vita na Iddi Amin ilipozuka, Rugaibula alikwenda Uganda na bunduki begani. Mdogo wake Ishengoma akabaki nyumbani, akapanda migomba upande wenye rutuba. Miaka ikapita, ukaja UKIMWI, ambao siku hizo watu waliuita Juliana, ukamchukua Ishengoma. Rugaibula alimlilia mdogo wake machozi ya kweli. Lakini matanga yalipokwisha alijiambia: sasa kibanja kile kitamezwa na magugu, mjane peke yake atafanya nini? Hakikumezwa. Kilistawi.

"Mwanamke huyu analimiwa na mashetani," alimwambia mkewe, Anatolia.

"Analima mwenyewe, alfajiri, wewe ukikoroma."

Mwaka mmoja, kiangazi kilikuja mapema kikagoma kuondoka. Rugaibula akaona nafasi yake ya kumpita shemeji. Alifyeka nyasi kwenye rweya, ule uwanda wa majani ng'ambo ya bonde, akazitandaza chini ya migomba yake, nene kama godoro, mpaka ukingoni kabisa. Kwetu sisi, nyasi nene ndiyo heshima ya kibanja. Kokubanza akafanya kinyume: akakwangua nyasi zote za ukingoni, akaacha udongo mtupu.

"Shemeji, mbona kibanja umekivua nguo?" Rugaibula akamkejeli.

"Joto hili silielewi, waitu, ndugu yangu. Msichome rweya mwaka huu."

"Tangu lini ukatupangia kuchoma? Moto hufia bondeni. Ulifia bondeni enzi za baba, na leo utafia humo humo."

Kwa enzi za baba alisema kweli. Wazee walichoma rweya ili nyasi changa zichipue kwa ajili ya ng'ombe, na moto ulipofika bondeni ulikuta mafunjo mabichi na tope, ukazimika. Lakini dunia inapata joto, na joto hilo halikuanzia kwetu. Linatoka kwenye viwanda vya watu wasiojua hata ndizi zetu zina ladha gani. Linanyonya maji ya mabonde, linakausha nyasi hadi mizizini. Moto uliokuwa mtumishi wetu sasa unarudi mara kwa mara, tena ukiwa mkali. Wazee hawakukosea. Mbingu ndizo zilizobadilishwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyewaomba radhi.

Rugaibula aliwasha moto mchana, upepo ukivuma kuelekea kwa shemeji yake. Alitaka majivu yaiangukie kahawa aliyoianika Kokubanza uani. Majivu tu, basi.

Moto ukashuka bondeni. Mafunjo yalikuwa makavu kama karatasi, ukayala ukavuka. Ukapanda hadi kwa Kokubanza, ukakuta udongo mtupu, ukageukia kando. Hapo ukakuta godoro la nyasi la Rugaibula.

"Anatolia! Kibanja!" Rugaibula akapiga kelele.

Wa kwanza kufika alikuwa Kokubanza na panga. Aliangusha migomba yake mwenyewe, na mikungu yake, akaburuta vigogo vile vilivyojaa maji akavipanga mbele ya nyumba ya shemeji yake. Majirani wakamfuata. Nyumba ikapona. Kibanja kikaungua chote.

"Bila Kokubanza mngelala nje!" watu walisema. Kila sifa ilimchoma Rugaibula kuliko cheche.

Mvua zilipokuja hatimaye, Kokubanza alimwita kwenye ua. "Chukua machipukizi ya migomba, shemeji. Chagua unayoyataka."

Alichagua, na hata hapo alipima moyoni jinsi yalivyokuwa manene kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo. Alipofika kwake alisimama juu ya majivu, jembe mkononi.

"Anatolia, haya yakikua, watu watasema ni ya kwangu au ya kwake?"

"Watasema ni ndizi," Anatolia akamjibu. "Chimba."