Alasiri Niliyojichora

Juzi, kwenye chekechea ya binti yangu huku Mutanga Sud, nilikuta sura za watoto zimetundikwa kwenye kamba: vichwa vya mviringo, masikio kama vikombe. Mwalimu akaniambia kwa furaha, "Wamejichora." Nikacheka peke yangu.

Kwetu Jabe, mtaa niliokulia, neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Idi ikikaribia, mama na shangazi zangu walijichora hina, na nyumba nzima ilinukia hina na ndimu. Basi alasiri moja, nikiwa chekechea, madamu, mwalimu wetu, alipogawa karatasi na zile kalamu nene za wino, akasema, "Kila mutoto ajichore," niliiweka karatasi pembeni. Nilianza na maua mikononi, nikamalizia mashavuni. Wino ulikuwa wa baridi, ukinuka dawa.

"We mutoto, umejichafua! Enda unawe."

"Apana, madamu. Mi nimejichora."

Wenzangu waliangua kicheko. Madamu alinivuta hadi bombani, nami nikabana mikono kwapani, sikunawa hata kidole. Alichoka yeye kwanza.

Mama alipokuja kunichukua, alinitazama sana. "Nani amekuchora?"

"Mi mwenyewe."

Alinishika mkono. Tulipita sokoni, na wauza samaki wa ndagala wakanipigia vigelegele: "Bibi harusi huyo!"

Leo najua madamu alitaka nini. Sijali. Picha za wenzangu zilibaki ukutani. Yangu ilirudi nyumbani kwa miguu yake, ikiitikia salamu njia nzima.