Mawimbi ya Kichwa cha Pacha Wangu

Mimi na pacha wangu tulifanana mpaka kioo chenyewe kilisita. Tofauti ilikuwa moja: yeye alikuwa na kifafa. Alikuwa mvuvi, na alipoanguka mtumbwini karibu na rasi ya Ubwari, wenzake walimkataza kupanda tena mpaka apone. Mke na watoto wake wawili walikula kutoka ziwani, si kwingine.

Hospitalini, pale mjini Baraka, alipewa vidonge. Miezi minne ikapita, akaendelea kuanguka. Ndipo akaja daktari mgeni, munganga kama tunavyosema kwetu, na lori lenye mashine ya kupima umeme wa ubongo. Alitafuta mapacha, alitaka kujua kama mawimbi ya kichwani mtu anayarithi, kama pua. Alitubandika nyaya za kutosha kufunga ng'ombe wote wa milimani, kwa kitu kama uji mzito. Kalamu zikachora zenyewe.

Karatasi zikatandazwa mezani. Tukiwa tumefumba macho, mawimbi yangu na yake yalikuwa yaleyale, kama mtu mmoja kaandika mara mbili. Ila yake yalikatizwa na miiba mirefu. Munganga alishangaa kwamba dawa haijaipunguza. Kupitia muuguzi, akauliza kama mgonjwa anameza vidonge viwili kila siku.

Ndugu yangu akanitazama. Ikabidi niseme mimi.

"Anameza kimoja. Kingine nameza mimi."

Kwetu cha pacha hugawanywa. Mama alitugawia nguo, ugali, hata viboko. Dawa nayo akaigawa. Mimi sikuugua chochote. Nililala tu kwenye shule ya jioni ya watu wazima, nikikoroma hadi watu wa Lubondja, kule milimani, wakaanua mihogo yao wakidhani mvua inakuja.

Mama akaitwa. Hakuona kosa lolote.

"Munganga, hawa ni mapasa. Ukipa mumoja, unapa na mwengine. Mwenye atakosa atakasirika, na mi nitazika bote mbili."

Munganga hakubishana. Ndugu yangu akapewa viwili vyake, na mimi viwili vya kwinini, vyeupe vilevile. Mama akavilinganisha kiganjani, akaridhika. Nilimeza uchungu ule nikiwa macho, na masomo yakaniingia.

Wiki kumi zilipita bila yeye kuanguka. Wavuvi wakaja kumrudishia kasia lake. Mama aliwapokea vizuri, akawakalisha, kisha akawauliza la pili liko wapi.

Mimi sijui kuogelea.