Kazi Yangu Ilikuwa Kuwasumbua Madaktari

Mjukuu wangu ni daktari wa dharura. Si wale wa kukaa nyuma ya meza wakakuandikia vidonge huku jicho liko kwenye simu. Yeye anasimama mlangoni, pale gari linapomwaga watu waliogongwa na pikipiki, waliokunywa sumu, waliochomwa visu kwenye harusi. Yuko Mwanza, hospitali kubwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hapa kwetu Kanazi hakuna asiyejua huyo daktari alilelewa na nani. Nikiulizwa nasema, nisipoulizwa nasema pia.

Mwaka huu alikuja kunisalimu akitokea semina. Alinikuta jikoni namenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Mnawalisha wagonjwa, nyie mnakula nini?"

"Nilikuwa masomoni."

"Masomo gani tena? Si ulimaliza, tukachinja, wifi yangu akalewa rubisi akaanguka shimoni?"

Akacheka. "Udaktari hauishi, Bibi. Mambo yanabadilika kila siku. Lazima turudi darasani, usipojiendeleza leseni yako inakufa."

"Basi nyie kama walokole. Mnaokoka leo, kesho mnaokoka tena."

Akavuta kigoda, akachukua kisu kingine, tukamenya wote. Akaanza kunisimulia semina yao. Waliletewa watu wa kuigiza wagonjwa wa ajali, wamepakwa rangi nyekundu, mmoja anagaagaa chini, mwingine anatukana, mwingine kajifanya kafa. Madaktari wanapaswa kukimbia katikati yao na kuamua haraka nani aanze kutibiwa. Alisimulia huku anacheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Mchezo huo naujua. Niliucheza kabla yeye hajajua kutamka neno daktari. Alikuwa mgongoni mwangu, kafungwa kwa kanga.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Walivuka mpaka pale Rusumo wakaja kama maji yaliyobomoa kingo. Vilima vyetu vilinyolewa kuni mpaka vikabaki upara. Wao walipewa mahindi, mafuta na maturubai. Sisi tuliowapokea tulipewa harufu. Sabuni ilipanda bei hata mwanamke mwenye mume alifua kwa majivu.

Ndipo likaja lori la wale watu wa hospitali ya mahema. Walikuwa na madaktari wapya waliotoka kila upande wa dunia, nao walitakiwa kufundishwa namna ya kupokea majeruhi wengi kwa mara moja. Wakatafuta watu wa kuigiza majeruhi. Wakimbizi walikataa. Mtu aliyetoka kuruka maiti za ndugu zake, utamwambiaje alale chini ajifanye maiti? Basi wakatujia sisi wanakijiji. Malipo ni sabuni za mche na mafuta ya kupikia.

Binti yangu, mama wa huyu daktari, aliamka siku hiyo ameshika tumbo. Huyu mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, na yeye alikuwa ameanza kuhisi ana mimba nyingine, changa kabisa.

"Baki," nikamwambia.

"Nibaki nifulie nini, mama? Nguo za mtoto zinanuka."

"Nitakuletea yangu."

"Na mimi ninataka yangu."

Alikuwa mbishi kama mimi. Akapanda lori.

Kule kambini tulikuta kamba imezungushwa uwanjani. Mkufunzi alikuwa Mtanzania mwenzetu, daktari kutoka mjini, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Shingoni alikuwa na filimbi. Akatupanga kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Kila mmoja alivikwa kadi kifuani inayosema ameumia wapi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipewa mguu uliokatika. Wakampaka uji uliotiwa rangi nyekundu, akafurahi kama bibi harusi. Binti yangu akapewa mkono uliovunjika. Mimi, kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni, nikapewa kazi ya ndugu wa mgonjwa.

"Mama, wewe kazi yako ni kuwasumbua hawa madaktari," mkufunzi akaniambia. "Walilie, wavute makoti, waambie mtoto wako anakufa. Lazima wajifunze kutokukusikiliza."

"Hata wakinifukuza?"

"Wakikufukuza, rudi. Mchezo unaisha nikipuliza filimbi tu. Kabla ya filimbi, hakuna aliye mzima na hakuna wa kuinuka."

Jambo moja lilimkwaza. Wanawake wetu hawakutaka kupiga kelele. Kwetu mwanamke hapigi kelele kwa sababu ya maumivu. Ukizaa unang'ata kanga. Kelele ni za msiba, na ukizipiga kabla mtu hajafa, unamwita anayechukua. Binti yangu alimzaa huyu daktari bila kutoa sauti, mpaka mkunga akamgusa kuona kama bado yupo. Nilitembea kijijini kifua mbele.

Mkufunzi akachoka na ukimya wetu. Akainua mche mmoja wa sabuni juu. "Asiyelia hapati!"

Wee! Wifi yangu alipiga kelele zilizowatoa wakimbizi kwenye maturubai yao. Wengine wakafuata. Uwanja mzima ukawa matanga.

Madaktari wanafunzi wakaingia mbio, kila mmoja na vitambaa vya rangi. Mwekundu anatibiwa sasa hivi. Wa njano anasubiri kidogo. Wa kijani anakaa kando. Mweusi anaachwa afe. Wifi yangu akafungwa nyekundu na watu wanne wakamwinamia, mmoja anashika mguu wake mzima kama yai.

Binti yangu alikuwa amekaa chini, kaegemea nguzo, kimya. Alikuwa ameshika bega. Daktari kijana, msichana mwenye miwani, akaja akasoma kadi.

"Mkono. Unaweza kusimama?"

Binti yangu akajaribu. Akasimama, akakaa.

"Vizuri." Akamfunga kitambaa cha kijani, akakimbilia kelele.

Mimi nilikuwa upande wa pili nikisumbua watu kama nilivyoagizwa. Nilipogeuka nikaona midomo ya mwanangu. Imekuwa ya rangi ya majivu. Jasho linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijakaza. Nikamkimbilia.

"Tumbo?"

"Bega, mama. Bega linaniuma."

"Acha bega! Huo ni mchezo wao. Waambie tumbo, tumbo la asubuhi!"

"Ni bega, mama."

Nikataka kumpiga kofi. Mtu anakufa na bado anaigiza mkono kwa ajili ya sabuni! Nikamvuta yule msichana wa miwani koti.

"Daktari, mwanangu anakufa."

Akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akatabasamu, akapaza sauti ili wote wasikie: "Mnaona? Huyu ndiye ndugu wa mgonjwa. Mtakutana naye kila siku ya maisha yenu. Mtoe nje ya kamba kwa upole."

Wakanitoa kwa upole. Nikarudi.

"Si mchezo! Mtazameni! Anaumwa kweli!"

"Safi kabisa, mama," mkufunzi akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Wakanitoa bila upole. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na daktari mmoja mgeni akapiga makofi. Nikapiga magoti. Nikamwita yule mkufunzi baba, mimi niliyeweza kumzaa. Nikamtukana mama yake. Kadiri nilivyozidi, ndivyo walivyozidi kunisifu. Wengine walikuwa wanaandika. Kule kwenye nguzo binti yangu alikuwa ameinamia upande, mkono bado uko begani, na aliyepita karibu naye alisema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, huyu anaigiza mkono vizuri sana.

Hapo ndipo nikakumbuka filimbi.

Sikuomba. Nilimrukia. Nikavuta ule uzi shingoni mwake mpaka ukakatika ukamwacha na alama, nikaitia filimbi mdomoni ikiwa bado ina mate yake, nikapuliza. Nikapuliza kama mtu anayefukuza nyani shambani.

Kelele zikakatika zote. Kisha wafu wakaamka. Wenye mbavu zilizovunjika wakajinyoosha, wenye vichwa vilivyopasuka wakakung'uta vumbi na kuchekana. Wifi yangu akasimama kwa mguu wake uliokatika, kajaa hasira.

"Wifi, wewe ni mwehu? Tulikuwa bado! Sabuni zetu watatupa sasa?"

Nilinyoosha kidole. Uwanja mzima watu walikuwa wamesimama, na mmoja tu ndiye aliyebaki chini.

Yule msichana wa miwani alifika wa kwanza. Akaweka mkono tumboni kwa binti yangu, akauondoa kama aliyegusa jiwe la moto. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Wakambeba wakikimbia mpaka hema la upasuaji. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado kinaning'inia mkononi mwake. Nilitaka kukivuta nikashindwa kuwafikia.

Walimpasua. Walikuta mimba imepasukia njiani, kabla ya kufika kwenye kizazi, na tumbo limejaa damu. Walimrudisha kafunikwa mpaka usoni.

Mkufunzi akatoka mwenyewe kuniambia. Alikuwa analia, nami sikumwonea huruma, hata leo sina.

"Mama," akasema, "mbona hukusema mapema?"

"Nilisema," nikamjibu. "Ukanisifu."

Jioni hiyo lori lilituleta nyumbani na mwili, na maboksi ya sabuni juu yake. Walituongezea sabuni. Kwa sabuni hiyo ndiyo tulimwosha. Wifi yangu ndiye aliyemwosha kichwa, ana mabaki ya rangi mguuni, na kila alipomwaga maji alisema, "Shangazi yako ni mpumbavu, mwanangu, shangazi yako ni mpumbavu." Lakini mche wake uliobaki aliupeleka kwake. Hata mimi nilipeleka wangu. Nguo za mtoto zilikuwa zinanuka kweli.

Watu walishangaa kwamba sikulia. Wakasema nina moyo mgumu. Hawakujua. Nilikuwa nimemkasirikia. Miaka yote hii nimemkasirikia mwanangu. Nikipalilia maharage namkasirikia, nikifua namkasirikia, hata siku mtoto wake alipovaa joho la udaktari nilikaa kwenye kiti cha plastiki, napiga vigelegele, na moyoni namwambia: ungeacha kuigiza lile bega, ungesema tumbo, ungekaa hapa mwenyewe. Umekufa kwa ajili ya mche wa sabuni. Mwanamke gani anakufa bado anatii kadi?

Hasira hiyo sikumwambia mtu. Mjukuu nilimwambia mama yake alikufa kwa tumbo, mwaka wa wakimbizi. Basi.

Sasa turudi jikoni, na ndizi zetu. Nilimwacha amalize kucheka, nikamwuliza, ili tu nisinyamaze mno: "Na huko kwenye huo mchezo wenu, umejifunza kipi ambacho hukujua?"

Akachukua ndizi nyingine. "Tumekumbushwa mengi. Kwamba anayepiga kelele ana pumzi, mtazame kwanza aliyenyamaza. Na kwamba maumivu yanadanganya, Bibi. Yanaweza kutokea mahali pasipougua. Mfano mwanamke mwenye mimba changa, ikipasukia ndani, damu inajaa tumboni, inapanda inagusa huku juu chini ya mapafu. Basi yeye anasikia maumivu wapi?"

Nikasema, "Tumboni."

"Hapana." Akaweka kisu chini, akashika bega lake. Akalishika vile vile, kwa vidole vile vile virefu. "Hapa. Atakwambia bega linauma. Na ni kweli linauma, Bibi, linauma kuliko tumbo lenyewe. Ukimwona mwanamke kijana kapauka, kashika bega na wala hakuliangukia, usimwache hata dakika. Daktari asiyejua atahangaika na mkono."

"Ni kweli linauma?"

"Sana."

"Haigizi?"

"Aigize kwa nini?"

Niliweka ndizi kwenye maji. Nikajifuta utomvu mikononi kwa kanga, taratibu, kila kidole. Akaniuliza, "Bibi, vipi?" Nikamwambia aangalie moto.

Nikatoka. Nikapita zizi la mbuzi, nikaingia migombani mpaka pale tulipomlaza mwanangu, ambapo msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa na nikaubadilisha mara nyingi. Nikasimama. Ni bega, mama. Alinijibu ukweli, tena mara mbili, na mimi ndiye niliyetaka kumpiga kofi.

Nikapiga kelele. Zile za msiba, za kutoka chini kabisa, zenye mikono kichwani. Sikujua kama bado ninazo. Mbuzi wakakurupuka. Nikasikia mjukuu wangu anakimbia huku ananiita, na ng'ambo ya migomba nikasikia mlango wa wifi yangu unafunguliwa. Kazeeka sasa, anatembelea fimbo, masikio yamekufa nusu, lakini kelele hizo hata kiziwi anazijua.

"Wifi!" akapiga ukelele kutoka kwake. "Wifi, ni nani? Nani amekufa?"

Nikamwambia.