Nilimwita Mume Wangu Fundi wa Mfereji

Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa. Wenzangu wa chama, kile kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba, wanaufuata ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na minne, watoto wawili. Mume wangu ni mekanika katika kiwanda fulani mtaa wa Baba Dogo. Tulianzia maisha huko huko, chumba kimoja, tunakula kwenye mkeka na kucheka mpaka jirani anagonga ukuta. Yeye hakutaka zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyelia tuhamie Donholm, mtaa wa wenye nafasi, kwa sababu chama chetu hukutana kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja, na niliona haya kuwaketisha wenzangu kitandani. Tukahama. Tangu hapo nauza mitumba hata Jumapili ili kodi itimie, na kile kicheko sijui kilibaki wapi.

Jumamosi ya zamu yangu niliazima viti vya jirani, nikaficha mkeka, nikamwambia mume wangu akitoka kazini apitie kwa ndugu yake Mathare mpaka wageni waende. Hakuuliza kwa nini. Lakini saa tisa, mlango ukiwa wazi, huyo akaingia na ovaroli yake ya grisi, mkononi kamfuko.

Mwenyekiti wetu akauliza, "Na huyu je?"

Mdomo huponza kichwa. Nikajibu, "Ah, huyo ni fundi, amekuja kucheki mfereji wa maji jikoni."

Alinitazama mara moja tu. Akaingia jikoni, nikasikia maji yakifunguliwa, yakafungwa. Akatoka mikono mitupu. "Mfereji uko sawa, madam," akasema, akaenda.

Kando ya jiko nilikuta mandazi aliyowanunulia wageni wangu. Nikayapakua, wenzangu wakayasifu. Na mimi nikala. Naona aibu hata kuandika hivyo.

Jioni nilimpigia magoti. Akasema, "Nimekusamehe, mama watoto. Lakini mwisho wa mwezi narudi Baba Dogo. Ukitaka kuja na watoto, kuja. Ila kwanza uwaambie wale wamama mimi ni nani." Heri angenitukana.

Kuhama nataka, tena sana. Nimechoka na haya maisha ya kuazima viti. Kinachonishinda ni kusimama mbele ya wale wanawake na kusema yule fundi ndiye mume wangu. Chama ni Jumamosi hii.

Jana alirudi kutoka kazini, ufunguo anao mfukoni, akasimama nje akabisha hodi kama mgeni. Jamani, wenye hekima mnishike mkono: hayo maneno nitayaanzia wapi?