Vilele vya Maharage

Mtakaposoma haya mnivumilie, maana mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za kwetu Titye, na herufi nyingine huenda nimezikosea. Shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini harufu ya magunia mapya ikinifikia hapa sokoni Kasulu, narudi kwenye uwanja wa kanisa letu, mwaka ule mvua zilipokatika mapema na mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Lori lilileta maharage ya msaada. Waliojitolea kuyagawa walikuwa akina mama wa kwaya, wamevaa vitenge vya sare, miguu imejaa vumbi jekundu, wakiimba kwa sauti ya chini huku wakifungua magunia.

Mimi nilikaa na Goreti, rafiki yangu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata shamba jirani na letu. Darasani tulikalia dawati moja. Nilikuwa na aibu mno, mwalimu akiniuliza jambo Goreti ndiye aliyejibu. Asubuhi ile aliniambia mama yake amekwisha kufunga mizigo: wasipopata chakula siku hiyo, kesho wanahamia kwa mjomba wake Nyabibuye. Tangu hapo sikuangalia kingine ila magunia.

Mama yangu ndiye aliyepima. Katekista alikuwa amewaambia kila kopo lisawazishwe kwa kibao ili maharage yatoshe. Basi wa kwanza kufika akawa Bibi, mama yake baba. Mama akajaza kopo, akalirundika mpaka likawa na kilele, akammiminia kwa mikono miwili, amepiga goti.

“Mama, kibao!” katekista akaita.

“Katekista, huyu ni mama mkwe wangu. Nimkatie kopo mbele ya watu?”

Watu wakacheka. Aliyefuata akasema, “Na mimi je? Mimi sina wakwe?” Kwetu kumpimia mtu mzima kopo lililokatwa ni kama kumfukuza mlangoni, na mama wale walikuwa wakigawia shangazi zao, mawifi na majirani. Kibao kikakaa chini. Kila mtu akaondoka na kilele chake, katekista naye akachoka kuita.

Mama Goreti alikuwa mwisho wa mstari. Alipofika, Mama alikung’uta gunia la mwisho, zikatoka punje na vumbi. Akabaki ameshika kopo tupu, hawezi kumtazama mwenzake usoni.

“Si neno, dada,” Mama Goreti akasema, akakunja mfuko wake. Goreti akanishika mkono.

Bibi alikuwa bado uwanjani akipiga soga. Akaja polepole, akatandika kanga yake chini. “Mkwe, heshima nimeiona. Sasa kilele chako hiki hapa,” akamwaga. Kisha akawageukia wengine: “Nyinyi mnangoja nini? Mnataka niimbe?” Wakaja mmoja mmoja wakicheka, kila mtu na konzi yake, mpaka kanga ikawa haikunjiki. Waliokwisha kwenda waliitwa njiani wakarudi. Mizigo ya kina Goreti ikafunguliwa, nami nikabaki na Goreti dawatini mpaka mtihani wa mwisho. Baada ya hapo familia yake ilihama kweli, kimya kimya, wakati mimi nipo shambani.

Siku hizi msaada ukija huwa kwenye mifuko iliyofungwa, sawasawa yote. Hakuna anayekosa, na hilo ni jema, silibezi. Ila kila mtu huchukua wake akaenda zake, na uwanja unabaki mtupu mapema. Mimi nauza maharage, na wateja wananiambia sisemi. Ni kweli, kusema kunanichosha. Ndiyo maana naandika, ingawa kurasa hizi zimenichukua muda mrefu. Nanyi mnaosoma niandikieni, hata mistari michache, wa Kibondo, wa Nyabibuye, wa popote. Na kama Goreti yumo kati yenu, aanze yeye.