Chumvi Iliyomo Ukutani

Nakumbuka bado, mwanangu, walivyonicheka mtaani kwetu Ng'ambo niliposema naacha kupaka kuta, nakwenda bara kusomea ualimu. "Mpaka chokaa huyu? Atarudi kabla ndoo yake haijakauka!" Nilirudi, ndiyo, lakini nilirudi na diploma, wa kwanza katika ukoo wetu. Nalisema bila haya. Chanda chema huvikwa pete.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, Kwaresima ikikaribia. Waumini wenzangu wakanifanyia chai uani kwa kanisa, nami nikahutubia. Nikasema, "Hapa nilipofika sikubebwa na mtu." Yohana, rafiki yangu tuliyepaka naye kuta za Mji Mkongwe, akaweka kikombe chini akaondoka. Huyo Yohana na wenzetu wawili ndio waliokuwa wakinifanyia kazi yangu kwa zamu, Jumamosi sita kabla ya mtihani wa kuingia chuo, ili mimi nikae na vitabu.

Mwanawe wa kwanza alikuwa abatizwe Pasaka. Tangu utoto tuliahidiana kwamba nitakuwa baba wa ubatizo. Hakuniita. Nikasikia anamtaka mtu mmoja wa Mbweni, na jambo hilo likanikosesha raha.

Nikamwendea Mzee Danieli, katekista wetu, ambaye riziki yake ilikuwa uashi. Nilimkuta anakwangua ukuta wa nyumba moja nyuma ya Forodhani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Diploma."

Nikamweleza kwamba nshaungama kwa padri makosa yangu yote: nyama niliyokula Ijumaa, Jumapili mbili nilizokosa kusali. Kisha, kwa kuwa nimesoma, nikamuuliza, "Chuoni tumefundishwa habari za moyo na vyumba vyake vinne. Hiyo roho yenye dhambi inakaa chumba gani?"

Akacheka. "Hawakukwambia? Hebu gusa hapa. Nyumba hii si uliipaka?"

"Naam, mara tatu, mimi na Yohana."

"Na madoa?"

"Yalirudi kila mwaka. Waliojenga walichanganya mchanga wa pwani. Chumvi imo ndani."

"Basi wewe umempelekea padri madoa. Ile hotuba yako ilitoka wapi?"

Mficha uchi hazai, mwanangu. Nikatoka hapo mpaka Kiembe Samaki, alikokuwa Yohana akipaka ukuta.

"Yohana, nilisema uongo."

"Upi? Siku ile ulisema mwingi." Akanitupia brashi.

Jumamosi zote za Kwaresima nikafanya kazi, leo kwa Yohana, wiki ijayo kwa mmoja wa wale wawili, nikiwarudishia siku walizonikopesha. Wanafunzi wangu wakipita wananiuliza, "Mwalimu, umefukuzwa?" Jumamosi ya mwisho, nilipomaliza siku ya mdai wangu wa mwisho, naye Yohana yupo, nikarudi nyuma hatua mbili, nikatazama njiani huku na huku. Yohana akaniona.

"Unamtafuta nani? Hata toba unataka ipigiwe makofi!"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu alisema kweli. "Niombee," nikamwambia. "Kujigeuza mwenyewe siwezi."

Akaipokea brashi yangu. "Pasaka uje mapema."

"Na yule wa Mbweni?"

"Nilikuwa bado sijamwambia."

Basi sikiliza, mwanangu. Deni la mtu lilipe lote, kama nilivyolilipa mimi. Lakini usidhani ukishalipa, roho imetakata. Dhambi si orodha ya makosa tu. Ni moyo kujigeukia wenyewe, hata unapotenda mema, na hakuna mtu anayeugeuza moyo wake kwa nguvu zake. Hilo ni la Mungu. Letu ni kukiri na kuomba, leo na kesho tena. Mimi nami bado najisifu, umenisikia, basi na mimi uniombee. Mungu akupe jicho la kujiona, akupe na rafiki wa kukucheka usoni asikuache.