Dari la Silas na Jasho la Jeddah

Silas wa Webuye alikuwa fundi wa dari la jipsamu, na ukimpa nafasi angekueleza hivyo kabla hujamaliza kumsalimu. Miaka minane Riyadh, akilala chumba cha watu sita katika mtaa wa Shumaisi, alikuwa ameficha juu ya madari yake nyaya, mabomba ya maji, na yale mabomba mapana ya bati yanayopitisha ubaridi wa AC, ambayo mafundi huyaita dakti. Alikuwa na mbinu yake. Dakti nyingi huvishwa blanketi la foili, unene wa vidole vinne. Silas alikuwa akilivua hilo blanketi, anapandisha dari vidole vinne, na wenye nyumba wanamsifu kwamba chumba kimepata kimo. Riyadh ni kukavu, kwa hiyo bati halikuwahi kumuumbua.

Basi bosi wake, Abu Turki, aliponunua nyumba nyingine Jeddah na kutaka chumba cha chini ya ardhi kigeuzwe sebule ya wageni, alimpeleka Silas. Tena akamwahidi kwamba kazi ikimpendeza atambakiza huko moja kwa moja, awe msimamizi wa nyumba zake zote za Jeddah. Silas nusura ambusu bega. Mkewe, Metrine, alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Jeddah, mwaka wa tatu sasa, na ndoa yao yote ilikuwa imehamia kwenye simu. Binti yao, Stacy, aliyebaki kwa nyanya yake Webuye, alikuwa akiwauliza kama kweli wanaishi nchi moja.

Ijumaa ya kwanza mume na mke walikwenda Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kula samaki. Walipotoka kwenye ubaridi wa mkahawa, miwani ya Metrine ikafunga ukungu. Akaivua, akaifuta kwa pindo la baibui kama mtu aliyezoea.

"Baba Stacy," akasema, "hapa kila kitu baridi hutoa jasho. Hayo mabati yako usiyavue nguo."

Silas alicheka, akamwambia ashughulike na sindano zake. Kiburi cha fundi ni kitu kizuri sana mpaka Agosti ifike.

Akayavua. Dari likatoka jeupe, limenyooka, liko juu, hata Abu Turki akaleta ndugu zake walitazame mpaka shingo zikawauma. Jibu la kazi angelitoa Jumamosi. Alhamisi, Silas alipokwenda kufunga vifuniko vya taa, akaona doa pembeni. Lilikuwa dogo, rangi ya chai ya maziwa, upana wa sarafu. Kando yake lilikuwapo la pili.

Dancan, mwenzake waliyetoka naye Riyadh, akamwambia kuna rangi ya mafuta, ukipaka mara mbili halas, basi, doa halionekani mwezi mzima. Na Jumamosi ni keshokutwa tu. Silas akapanda ngazi na kopo mkononi. Alimfikiria Metrine, akaitamani ile Jumamosi kwa moyo wake wote. Kisha akamfikiria tena, safari hii akifuta miwani, akaona aibu. Akaweka kopo chini, akachukua bisibisi, akalitoboa lile doa. Maji yakamtiririka mkononi mpaka kwapani, ya baridi kabisa.

Akayakingia beseni, akampigia simu Abu Turki mwenyewe. Bosi akaja moja kwa moja kutoka duka lake la vitambaa Balad, akalitazama tundu, akalitazama beseni, halafu akamtazama Silas. Silas akaeleza yote bila kuuma maneno. Aliondoa blanketi, naye alionywa, akapuuza.

"Nani alikuonya?"

"Mke wangu, baba. Ni muuguzi."

"Kurekebisha, siku ngapi?" Abu Turki akauliza.

"Wiki moja. Ila dari litashuka vidole vinne."

"Na kuijua hewa ya Jeddah?"

"Hiyo si ya wiki, baba. Hiyo inataka mtu akae."

Bosi akacheka mpaka kilemba kikamteleza. Akasema basi akae, lakini kila dari, kabla halijafungwa, muuguzi aje alikague kwanza. Hakuwa akitania.

Mwezi uliofuata Silas na Metrine walipanga chumba Kandara, mtaa mmoja wa Jeddah. Juu ya kitanda limepita bomba la AC, bati tupu, linadondosha matone. Metrine akafuta miwani, akauliza fundi atalificha lini. Silas akasema kwa sasa haligusi, bado analisoma.

"Soma basi," Metrine akasema, akakisukuma kitanda kidogo, matone yakawa upande wa mumewe.

Silas hakulalamika. Kitanda alichokilalia Shumaisi miaka minane kilikuwa chembamba mno, hakikuwa na upande wa mtu wa pili.